Samaki za Komanda

Tangu masomo ilifungwa juu ya vita, kazi ya Gracieuse ya kila asubui ilikuwa kuteka maji. Alikuwa na miaka kumi na mbili, shingo ya nguvu ya kubeba bidon za maji, na ulimi mwepesi kuliko miguu. Maji ile haikuwa ya kunywa, wala ya kupika sombe, majani ya muhogo. Ilikuwa ya samaki.

Ndiyo, samaki! Mu Bunia watu walikuwa wanalala njaa, lakini kule ku mutaa ya Bigo samaki kumi na mbili zilikuwa zinakula kila siku. Mwenye kuzileta, muchuuzi moja wa zahabu, alikimbia. Komanda, mukubwa wa askari wenye walishika muji, akaingia mu nyumba yake, akachukua yote: viti, sahani, na lile sanduku kubwa la vioo, aquarium. Watu, Komanda hakuwapenda. Samaki, alizipenda sana.

Aliita Lambert, baba ya Gracieuse, mwalimu wa biologie.

"Mwalimu, utachunga samaki zangu. Moja ikikufa, mutu moja wa kazi mu hii lupango yangu atakula fimbo kumi."

Akacheka. Askari wakacheka pia, maana kule hata kucheka ilikuwa kazi.

Lambert alimufundisha binti yake vizuri. "Maji ya samaki unateka ku source, pale inatoka mu mawe. Ya muto hapana! Kule batu banafulia nguo, na sabuni ya poudre, ile ya unga, iko na phosphate. Ile ni kama mbolea. Inalisha majani ndogo-ndogo yenye hauone na macho, maji inageuka kijani, samaki inakosa hewa. Chakula pia, ukitupa mingi inaoza, inaleta phosphate ile ile."

Lakini source ilikuwa mbali, na foleni ya kule ilikuwa na wamama wa kusukumana. Muto ilikuwa karibu, na rafiki yake Ketsia alikuwa anangojea pale na kamba ya kuruka.

"Weye na source yako!" Ketsia akamucheka. "Samaki iko na pua ya kusikia sabuni?"

Waliruka kamba mpaka jasho. Kisha Gracieuse akajaza bidon chini kidogo ya pale askari walikuwa wanafua.

"Ulifika ku source?" baba akauliza.

"Ndiyo, papa. Foleni ya leo, wee!"

Kisha wiki mbili kupita, maji ikakuwa kijani kama ya kuosha sombe. Asubui moja, samaki moja ilikuwa inaelea, tumbo juu.

Lambert akaangalia kioo, akaangalia binti yake. "Phosphate inaingia fasi fulani. Gracieuse, maji ni ya source?"

"Ya source, papa."

"Basi ni chakula."

Macho yote ikamugeukia Mama Emerance, mupishi, mwenye alikimbia vita ya Djugu na kikwembe moja tu ya kuvaa. Yeye ndiye alikuwa anatupia samaki chakula.

"Mi? Naweka kidogo, vile mwalimu alinionyesha!"

Hakuna mwenye alimusikiliza. Askari walimulalisha mu lupango, wakamupiga fimbo kumi. Gracieuse alisimama karibu ya bidon zake. Neno ikapanda mpaka ku meno. Akaimeza.

Kesho yake alikimbia ku source, akifikiri mambo itajitengeneza kimya-kimya. Baba naye alikata chakula, na maji akabadirisha kidogo tu, kwani aliamini ni safi. Siku ya tatu, samaki ingine ikakufa.

"Chakula tulikata," Komanda akasema. "Kumbe huyu mama anaiba chakula ingine, anazipa kisiri. Lala chini!"

Emerance alianza kupiga magoti polepole, mugongo ilikuwa bado kidonda.

"Ni mi!" Gracieuse akalia. "Niliteka ku muto! Nilidanganya!"

Komanda akachota kikombe ya ile maji ya kijani. "Kunywa."

Alikunywa yote. Akatapika mbele ya askari, nao wakacheka.

"Ningejua," Lambert akasema, sauti chini, "ningebadirisha maji mingi tangu siku ya kwanza."

Sasa alijua. Kila siku walitoa sehemu ya maji, wakaweka ya source; wakasugua vioo, wakafunika aquarium jua isiingie. Kisha siku kumi kupita, maji ikatakata. Samaki kumi zilibaki.

Siku ile Gracieuse alipeleka maji ya moto na chumvi kwa Mama Emerance, akamuosha mugongo.

"Mama, unisamehe."

Emerance akavuta kikwembe yake ku mabega. Kisha akasema:

"Ulisema ukweli, ni muzuri. Ni kwa ile mwalimu ameponyesha maji. Lakini ukweli yako ilichelewa fimbo kumi, mutoto, na haziko ku mugongo yako. Siku ingine, usingojee waanze kupiga."