Kanyaga Freni, Nsimire

Corolla kuukuu ilikata kona kutoka soko la Kamembe, ikaingia karakanani kwa Kamali bila kupiga honi. Akashuka dada mgeni, kitenge cha manjano kimemkaa sawasawa kiunoni, kilemba kimesimama kama upanga wa jogoo.

"Papa Fundi, ni weye unatengenezaka mataa?"

"Mimi si papa. Bado sina hata wa kunizalia."

"Basi, fundi bila bibi," akacheka. "Polisi amenisimamisha. Anasema taa ya freni haiwake."

Kamali akafungua buti, akasogeza magunia ya mchele wa Bugarama, akachomoa ampuli ya taa. Kioo kilikuwa cheusi, kiwaya ndani kimekatika. Akapachika mpya, mgeni akarudi kwenye usukani, naye akasimama nyuma ya gari.

"Kanyaga freni!"

"Nimekanyaga!"

"Hiyo ni ambreyaji ya kubadilishia gia, Maman. Kanyaga ya katikati!"

Wekundu ukamwagika kwenye kanzu nyeupe ya Kamali, aliyotoka nayo msikitini.

"Ikizima tena usiende kwa mwingine," alisema. "Siku yoyote, nitaiwasha mimi."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Dada huyo, Nsimire, alikuwa mchuuzi wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Tangu siku hiyo alipita kila wiki, hata taa ikiwa nzima. "Sheri, mpenzi, angalia tu kama inawaka," angesema, na Kamali angeangalia kila kitu isipokuwa taa. Usiku walizungumza kwa simu hadi salio liishe. Mwislamu na binti wa kanisa: walijua mlima uliokuwa mbele yao. Hata hivyo, Kamali alisema atavuka Jumapili kumwona mama wa Nsimire.

Shangazi za Nsimire walipika, wakangoja. Kamali hakufika. Siku ya pili, namba ya Nsimire haikupatikana tena.

Miezi minne baadaye, alasiri ya Ijumaa, Corolla ile ile iliingia. Nyuma, juu ya magunia, lilining'inia gauni jeupe ndani ya nailoni.

"Taa imezima," Nsimire alisema bila kumtazama. "Polisi hataniachia nivuke hivi. Mpaka unafungwa saa kumi na mbili. Kesho asubuhi Muderhwa ananingoja kanisani."

Kamali akaweka spana chini. "Ile Jumapili nilifika darajani, na suti mpya. Karatasi yangu ya kuvukia ilikuwa imeisha siku moja kabla. Wakanirudisha. Simu ilikuwa imezima. Nilipoiwasha, weye ulikuwa umeshafunga yako, na kwenu sikujua hata mtaa."

Nsimire akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ng'ombe wake wa mahari bako kwetu," alinong'ona. "Mama ameshakubali. Siwezi kumwaibisha mara ya pili."

Droo ilikuwa na ampuli moja, ambayo Kamali aliitunza kwa ajili ya gari hilo. Ingetosha kusema zimekwisha, nyingine zinatoka Kigali Jumatatu. Ulimi ulikuwa tayari. Akaifuta ampuli kwa upindo wa shati, akaipachika taratibu.

"Kanyaga freni, Nsimire."

Taa ikawaka.

"Inatosha. Achia."

Hakuachia. Mabega yake yalitikisika kwenye kiti, na wekundu ukabaki kifuani mwa Kamali.

"Ungesema tu hauna," sauti yake ilikatika.

"Nilikuahidi."

Mguu ukanyanyuka. Gari likashika mteremko wa kwenda daraja la Rusizi, mpakani. Kwenye kona ya kwanza taa iliwaka, ya pili pia, safi, kama alivyoahidi. Ya tatu hakuiona.