Sahani Mbili Zilizorudi Zimejaa

Nyumbani kwa kina Chiriku hakuna aliyeondoka mezani bila kusema, "Asante kwa chakula." Hiyo ilikuwa sheria ya Baba, fundi viatu, na aliifuata hata siku ambazo mpishi alikuwa yeye mwenyewe. "Najishukuru," angesema akijipangusa mdomo, "maana leo nimejitahidi."

Chiriku naye alishukuru, lakini kwa haraka zake. Neno lilimtoka akiwa amekwisha fika mlangoni, kamba ya kurukia mkononi, kwa sababu Twiga, rafiki yake wa nyumba ya jirani, alikuwa akimsubiri nje. Mmoja aliitwa Chiriku kwa mdomo wake usiopumzika, na mwingine Twiga kwa urefu wake. Walikuwa darasa moja, dawati moja, na mara nyingi kosa moja.

Mama alifanya kazi katika mkahawa uliokuwa karibu na kituo cha mabasi. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kumenya, kukata na kuosha masufuria, na jioni alirudi mikono ikinuka vitunguu. Kupika walipika wengine. Basi jioni moja aliingia nyumbani akakaa bila hata kuvua viatu.

"Mpishi wetu ameacha kazi," alisema. "Bi Mkubwa ameniambia Jumamosi jioni nipike mimi, peke yangu. Akiridhika, jiko ni langu. Asiporidhika, narudi kwenye masufuria."

Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa mwenye mkahawa, na wafanyakazi wote walimwita hivyo.

"Atajuaje kama chakula ni kizuri?" Baba aliuliza. "Ataonja kila sufuria?"

"Haonji. Anasimama kwenye kidirisha cha jikoni, pale sahani chafu zinapopitishwa, anaziangalia zinavyorudi. Anasema mteja anaweza kukusifia kwa adabu tu, lakini sahani haina adabu." Mama akacheka kidogo, ingawa sauti yake haikuwa na raha. "Nataka mje mle. Na Twiga aje. Ila siku hiyo mkishakula cha mchana, msitie kitu mdomoni. Njooni na njaa zenu."

"Hata punje haitapita hapa," Chiriku aliapa, akijigusa koo.

Jumamosi ilipofika, Baba alisema angetokea moja kwa moja kazini kwake, hivyo wasichana walitangulia wenyewe. Walikuwa wameoga, wamechana nywele, na njaa ilikuwa imeanza kuwauma. Walipopita kwenye duka la mikate, mwokaji aliwaita. Keki kadhaa zilikuwa zimevunjika wakati wa kuzitoa kwenye tanuri.

"Chukueni, wanangu. Hizi haziuziki."

Twiga alisita. "Mama yako alisema tusile."

"Alikuwa anasema chakula," Chiriku alijibu, mkono wake ukiwa tayari kwenye sinia. "Keki si chakula. Keki ni keki."

Twiga naye akanyoosha mkono. Walikula keki zikiwa bado za moto, wakakung'uta makombo kwenye magauni, wakafika mkahawani matumbo yamejaa pomoni.

Baba alikuwa amekwisha kaa. Mkahawa ulikuwa na watu wengi, wengine wakiwa na mabegi yao miguuni wakisubiri basi. Mhudumu akaleta wali, kuku wa mchuzi na mboga za majani, na harufu yake ingemwamsha mtu usingizini. Kupitia kidirisha Chiriku alimwona Mama akiwa na kitambaa cheupe kichwani, akigeuka huku na huku. Alimpungia mkono. Mama alitabasamu, akarudi kwenye moto wake.

Chiriku alikula kijiko kimoja. Kilikuwa kitamu, tena kitamu kweli. Cha pili kilipita kwa shida, na cha tatu kikagoma. Twiga alikuwa akisukumasukuma nyama yake pembeni mwa sahani.

"Mna nini nyinyi?" Baba aliuliza.

"Tumeshiba, Baba."

"Kwa vijiko hivyo viwili?"

Chiriku alijitia hamnazo, akatazama saa ya ukutani. Mhudumu akaja, akachukua sahani za wasichana, na zile mbili zikaenda kidirishani karibu vilevile zilivyokuja. Bi Mkubwa alizipokea, akazitazama kwa muda, kisha akageukia jikoni. Meza yao ilikuwa karibu, na kila neno lilisikika.

"Hizi ni za mwanao na mwenzake. Kama mtoto wa mpishi hali, hawa wageni nitawaambia nini?"

Mama alichota mchuzi akaonja. Akaonja tena. Yule mwanamke aliyekuwa akipika nyumbani bila hata kuangalia sufuria, sasa alikuwa kama mtu aliyesahau ladha ya chakula chake mwenyewe. Kisha Chiriku akamwona akinyoosha mkono kwenye bakuli la chumvi, akajaza kiganja.

Mchuzi ule haukuwa na kasoro yoyote. Mama alikuwa anakwenda kuuharibu kwa mkono wake mwenyewe, na wateja walikuwa bado wanaingia.

Twiga aliona pia, akamvuta gauni. "Nyamaza. Tutakwisha leo."

Chiriku akapiga moyo konde, akakimbilia kidirishani.

"Mama, usiweke! Chakula ni kizuri. Sisi ndio tumekula keki njiani. Tulikuja tumeshiba."

Mama alisimama na chumvi yake kiganjani. Bi Mkubwa alimwangalia Chiriku kuanzia kichwani hadi kwenye makombo yaliyobaki kifuani, akayaona mwenyewe.

"Na mwenzako?"

"Na mimi, shikamoo," alisema Twiga kutoka nyuma, maskini, salamu na ungamo vikimtoka kwa pamoja.

Bi Mkubwa alibana midomo asicheke. Wakati huohuo mhudumu alileta sahani za meza nyingine, moja baada ya nyingine. Hazikuwa na kitu ila mifupa. Ya Baba, iliyokuja pamoja nazo, ilikuwa imepanguswa kwa kidole mpaka inang'aa. Bi Mkubwa akazisogeza mbele ya Mama.

"Rudisha chumvi yako kwenye bakuli, mpishi," alisema. "Jiko ni lako."

Mama alirudisha chumvi, akaegemea meza, akajifuta macho kwa kitambaa chake. Kisha akawaita wasichana waingie jikoni. Chiriku alitarajia kugombezwa, na kweli alistahili.

"Nilimsikia Baba yenu akiwauliza mna nini. Mlimjibu nini?"

"Tumeshiba."

"Na ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa nusu ya kweli, na hiyo nusu mliyoificha ndiyo ingenirudisha kwenye masufuria. Sikilizeni, wanangu. Ukweli nusu unaumiza kama uongo, kwa sababu mtu anaufuata akidhani umekamilika. Mimi hapa nusura niwaharibie watu chakula." Akamshika Chiriku begani. "Lakini umesema kabla sijaweka, na umesema mbele za watu. Kwa hilo nakushukuru, mwanangu."

Chiriku alijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akipikiwa, na hapa Mama ndiye aliyeshukuru.

Wageni walipopungua, wasichana waliosha vyombo vyote bila kuambiwa, na chakula chao kilifungwa wakale kesho yake. Kisha Chiriku alivuta kiti mezani kwa Baba, akamkalisha Mama, akaenda kumpakulia yeye mwenyewe. Mama alikula taratibu, kama mteja, miguu yake ikiwa imepumzika.

Walipoinuka kuondoka, Twiga alikimbilia nje. Chiriku alibaki. Alimshika Mama mikono yote miwili, ile inayonuka vitunguu, akamtazama usoni.

"Asante kwa chakula, Mama," alisema, na safari hii hakuwa na haraka ya kwenda popote.