Kadi ya Fedha ya Mama Aurelia

Ilikuwa Novemba mwaka 1998. Joto la Ifakara lilikuwa limekaza, lakini Levina, mama Aurelia kama walivyomwita kwa jina la mwanawe, alikanyaga baiskeli yake kama anakimbiza mtu. Alikuwa fundi wa maabara katika mradi wa utafiti wa mbu. Watu wengine huwakimbia mbu. Yeye mbu walimpandisha ndege, tena mara tatu mwaka ule, kwenda Ulaya kwenye mafunzo na mikutano.

Alipofika nyumbani, mama mkwe wake, Bi Konsolata, alikuwa anapepeta mchele. Mumewe, Valeriani, alikuwa ananoa jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unacheka peke yako?"

"Barua! Imetoka kwenye shirika la ndege." Ilikuwa ya Kiingereza, akawatafsiria huku amesimama. "Wanasema nimesafiri nao sana. Nikisafiri mara moja tu kabla mwaka haujaisha, napanda daraja. Napewa kadi ya fedha!"

Valeriani aliacha jembe. "Kadi ya fedha?"

"Ya fedha!"

"Wanakupa wenyewe? Bure?"

"Wanaileta mpaka posta. Nikienda Nairobi na kurudi, imetosha."

Levina aliingia ndani kubadili nguo, na huku nyuma mambo yakaharibika. Ndani ya stoo kulikuwa na magunia manane ya mpunga kutoka shamba lao la Mchombe. Mpunga ule ulikuwa nauli ya Bi Konsolata. Binti yake wa mwisho, Sista Paulina, alikuwa utawani Nairobi. Mwezi wa pili angeweka nadhiri za daima. Mama yake hakuwa amemwona kwa miaka sita.

"Mama," Valeriani alisema, "tuuze mpunga, mama Aurelia asafiri. Kadi ikija, tutakupeleka Nairobi kwa fedha hiyo hiyo."

"Uzeni tu," Bi Konsolata alijibu. "Mungu ametukumbuka."

Laiti Levina angesikia maneno hayo! Lakini alikuwa chumbani anaimba. Alipotoka, Valeriani alimwambia kwamba mpunga utauzwa ili asafiri, na mama amekubali. Levina alifikiri watauza magunia machache tu, na nauli ya mama itabaki. Hakuuliza. Furaha nayo huziba masikio.

Jumamosi asubuhi aliitwa jirani yao, Merina. Mama huyu alikuwa amefanya kazi ya kukatia watu tiketi za ndege Dar es Salaam kwa miaka kumi na mitano, kabla ya kurudi Ifakara kulima. Walitaka kujua bei ya tiketi. Mnunuzi wa mpunga angekuja Jumatatu.

"Utakwenda Nairobi kufanya nini?" Merina aliuliza.

"Kurudi," Levina alijibu.

Merina alicheka mpaka akafunga khanga upya. "Mdogo wangu, hebu tuzungumze kwanza. Mwakani una safari ngapi?"

"Moja, labda. Mradi unakwisha mwezi wa sita."

"Basi sikiliza. Kadi hii haiishi milele. Ukiipata, utaitumia mwaka mmoja. Mwakani unaanza kuhesabu upya, kutoka sifuri. Ukikosa safari za kutosha, unashuka daraja."

"Lakini ina faida."

"Inazo, siwezi kukudanganya. Foleni yako inakuwa fupi. Unaruhusiwa mzigo zaidi. Wakati mwingine unakaa kwenye chumba cha kupumzikia, kuna kahawa na kiti laini. Kwa mtu anayeruka kila mwezi, na tiketi analipiwa na ofisi, ni kitu kizuri sana. Lakini wewe una safari moja tu! Utakunywa kahawa mara moja, kwa bei ya magunia mangapi?"

"Manane," alisema Valeriani.

Levina aligeuka. "Yote? Na nauli ya mama je?"

"Si itatoka kwenye kadi?" Valeriani alimgeukia Merina. "Dada, umetaja kahawa na viti, umesahau jambo kubwa. Kwenye hiyo kadi wanaweka fedha kiasi gani?"

"Fedha gani, shemeji?"

"Si kadi ya fedha!"

Levina alishika kichwa. "Baba Aurelia! Fedha ni rangi! Fedha ya madini, ile ya pete. Dhahabu, fedha, shaba!"

"Kumbe!" Valeriani alikaa chini. "Na nimeshawatangazia kijiweni kwamba mke wangu atalipwa."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Bi Konsolata alikuwa ameweka ungo chini. "Basi kwa Paulina siendi," alisema polepole.

Levina aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga. Alisema palepale, mbele ya wote, "Mimi siruki kwenda popote. Mpunga ni wako, mama."

"Nipe hiyo barua," Merina alisema. Aliisoma, kisha akaigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ambayo Levina hakuwa ameyasoma. Ghafla Merina alipiga goti lake kofi.

"Hapa pana hesabu mbili! Hii ya kwanza ni ya kupandia daraja. Hii ya pili ni maili za zawadi. Hizi hazifutwi mwisho wa mwaka. Unazibadilisha kwa tiketi, na ukitaka unampa ndugu yako. Unazo za kutosha Nairobi, kwenda na kurudi!"

"Ya mama?" Levina aliruka.

"Ya mama. Ila kodi ya uwanja mtalipa wenyewe. Na viti vya zawadi ni vichache, wahini. Kwanza muulize mkuu wako, maana safari zililipiwa na mradi."

Jumatatu Levina alimwuliza mkuu wa mradi. Alijibiwa kwamba maili ni za msafiri mwenyewe. Mnunuzi alipokuja, aliuziwa magunia mawili tu, ya kodi ya uwanja, pasipoti na basi la Dar es Salaam. Kisha familia nzima ilikwenda posta kulipigia simu shirika la ndege. Laini ilikwaruza. Levina alipaza sauti mpaka watu wa foleni wakajua safari yote.

"Mwezi wa pili! Jina ni Konsolata! Ndiyo, mama mkwe! Kipo? Kiti kipo?"

Alifunika simu kwa kiganja. "Kipo kimoja!"

Posta nzima ilishangilia.

Desemba ilipita, na Levina hakupanda daraja. Alisimama kwenye matuta ya Mchombe akipanda mpunga na mumewe, na hakujuta hata kidogo. Kwa basi, safari ya Nairobi ingemchukua mama siku mbili au tatu, na mguu wake huvimba. Kwa ndege kutoka Dar es Salaam ilikuwa saa moja na kidogo.

Siku ya nadhiri, Sista Paulina alilala kifudifudi mbele ya altare. Hakujua nani amefika. Kanisa lilikuwa kimya. Mara, kutoka viti vya nyuma, kigelegele kikapasuka, kirefu, cha Ifakara kabisa. Paulina hakuruhusiwa kugeuka. Lakini mabega yake yalianza kutetemeka, na Bi Konsolata akapiga cha pili.