Mshono Mmoja kwa Wakati Wake

Kitendawili! Sema tega. Nina jicho moja lakini sioni, na kila niendapo ninaburura mkia. Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimeshiba mji wako: ni sindano na uzi wake.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja. Sindano na pini zilikuwa kila mahali: ukosini mwake, mezani, sakafuni. Alishona peku, kwa cherehani ya kukanyaga. Mkewe, Mama Mapacha, alikaa kando yake akishona vifungo.

Siku moja Mama Mapacha aliinama kuokota kifungo. Akaona pini imezama kisiginoni mwa mumewe. Naye anakanyaga tu!

"Baba Mapacha! Una pini mguuni!"

"Wapi? Mbona sisikii kitu?" Fundi alicheka. "Hii ngozi ya fundi, mke wangu. Pini huomba ruhusa kwanza."

Mama Mapacha aliichomoa. Pembeni akaona kidonda kimefungwa kipande cha bitana.

"Na hiki je?"

"Hakiumi. Kitapona chenyewe."

"Twende kliniki."

"Na nguo za watu?"

"Unaogopa nini, mume wangu?"

Fundi alikanyaga cherehani, ikanguruma.

Jioni jirani yao, nesi, alikuja na sare yake ishonwe. Mama Mapacha akamweleza yote.

"Shemeji," nesi alisema, "siku hizi una kiu sana? Unakojoa mara kwa mara?"

"Kama bomba bovu!" Mama Mapacha alimjibia.

"Basi huenda ni kisukari. Kisukari huweza kuua hisia za miguu. Kidonda kinachouma kinakuita. Kisichouma kinakuibia. Waingereza wana msemo: *A stitch in time saves nine*."

"Ndiyo nini hiyo?" Fundi aliuliza.

"Mshono mmoja kwa wakati wake huokoa tisa. Ni msemo wa zamani, umetoka kwenye kazi yako hiihii. Huambiwa mtu anayeahirisha jambo dogo. Wengine husema nusu tu, *a stitch in time*, na mwenzake ameshaelewa."

"Mbona tisa? Kumi ina kosa gani?"

"Kwa Kiingereza, neno la tisa na neno la wakati yanakaribiana sauti. Ni kunogesha tu. Hiyo tisa maana yake ni mishono mingi."

Fundi aliigeuza ile sare. Kwapani uzi ulikuwa umeachia.

"Kweli kabisa. Ukiuacha huu, kesho mkono mzima unaning'inia. Sisi tunasema, usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta!" wanawake walimalizia.

"Umejihukumu mwenyewe, shemeji," nesi alisema. Fundi akautazama mguu wake.

Asubuhi mume na mke walikwenda kliniki. Fundi alipimwa damu, sukari ikakutwa juu. Kidonda kilisafishwa, akapewa dawa. Akafundishwa: vaa viatu vya kufunika, hata ukiwa ndani ya nyumba. Vikung'ute kabla ya kuvaa. Kagua nyayo kila siku. Ukiona hata mchubuko, usingoje uume.

Fundi alifuata yote. Pini za sakafuni akaziokota kwa sumaku. Polepole kidonda kikakauka, kikafunga.

Kila jioni Mama Mapacha aliuweka mguu ule mapajani, akaukagua kidole kwa kidole. Jioni moja Fundi alisema:

"Uliniuliza ninaogopa nini."

"Nilikuuliza. Ukanijibu kwa cherehani."

"Niliogopa wataukata. Halafu ungenibeba, ungenibeba, mpaka unichoke."