Spika ya Nyuma

Haya yalimfika Rufaida, mwenzangu wa mtaani Shella, akiwa ndani ya eda ya mumewe, Swafwan. Fundi mwanamume asingeweza kuingia, basi shoga yake Fahima ndiye aliyekuja kumuunganishia laptopu na zile spika za marehemu zilizozunguka chumba, apate kusikiliza Qur'ani. Mapazia yalikuwa yameshushwa, chumba kiza. Kisomo kikaanza, mara spika zote zikanyamaza. Kisha ile ya nyuma ikakwaruza, na sauti ya Swafwan ikaita kwa upole ambao Rufaida hakuwahi kuonjeshwa:

"Fahima, roho yangu."

"Labeka," akaitika Fahima, kama mtu aliyezoea.

Rufaida akageuka kumtazama. Kwa mwanga wa laptopu akaona waya wa spika ile ulikuwa bado mkononi mwa Fahima, haujachomekwa popote.