Aliyeitika kwa Jina la Niragira

Shangazi yangu Koleta wa Mabawe hakufukuzwa kazi kwa wizi. Naanza na hilo maana midomo ya watu nimeichoka.

Mwaka 2005 alikuwa karani wa kompyuta katika kambi ya wakimbizi ya Lukole. Asubuhi moja ya kuhesabu watu, jua zuri, mkimbizi mmoja, Claudia, alihesabiwa, akaondoka. Punde akarudi amevaa kitenge cha dada yake Niragira, aliyezikwa wiki mbili nyuma, na watoto wawili wa marehemu mkononi. Mama akiandikwa amefariki, kadi ya posho ilifungwa. Watoto wangesubiri nyingine miezi mingapi? Wale nini?

"Niragira," shangazi akaita, akijua fika.

"Nipo," Claudia akanong'ona.

Shangazi akabonyeza. Programu ile ukishaituma, kazi inaendelea yenyewe nyuma huku wewe unaita mwingine. Ikimaliza, inaandika jina la karani aliyeituma.

Kesho yake Claudia alinyimwa posho. Kompyuta ilisema amefariki. Penye jina la karani paliandikwa: Niragira.

"Mama we! Marehemu kapata wapi neno la siri?" shangazi akamuuliza Frednand, fundi wa kompyuta.

"Majina yamejichanganya tu, dada. Kazi za nyuma zina mambo."

Wasomi bwana! Akasema hivyo, akaenda kunywa chai.

Shangazi akamwandika Claudia yu hai. Mchana kompyuta ikamuua tena. Akamrudisha. Ikamuua. Akachomoa waya ukutani. Kioo kikabaki kinawaka.

Siku ya tatu Claudia alikuja dirishani. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Dada Koleta, watoto nawaita hawageuki. Niandike. Nipo."

Shangazi akaandika huku analia. Jioni ile Claudia alikufa. Hospitali hawakuona ugonjwa.

Siku ya maziko shangazi alifunga ofisi, ufunguo akautia kwenye sidiria. Alimfunika Claudia kile kitenge kwa mikono yake, udongo ukarudishwa. Alipokwenda kuwachukua watoto, nyumba ilikuwa tupu.

"Wamepanda basi la kurudi Burundi," jirani akasema. "Na mama yao."

"Mama yupi?"

"Si mama yao? Yule wa kitenge."

Shangazi alikimbia ofisini. Kufuli lilikuwa vilevile. Kompyuta ilionyesha Niragira na watoto wawili wameruhusiwa kuondoka, saa nane mchana. Saa nane yeye alikuwa makaburini, anazika. Karani aliyeruhusu: Koleta.

Kwa hilo wakamfukuza. Neno la siri ni lake, walisema, basi na kosa ni lake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza watoto wako wapi. Hata mmoja!

Siku ile ya maziko, mle ofisini, kabla hajaita mtu, shangazi aliinama akatazama kibodi. Ilikuwa safi, isipokuwa herufi sita za jina lake. Hizo zilikuwa na udongo mbichi wa kaburini.