Gitaa Lililozimwa Sauti

Kila alasiri Chiriku alivua viatu mlangoni, akamenya viazi alivyoachiwa na mama yake, akafagia sebule, kisha akajifungia chumbani na gitaa la besi la mjomba wake. Mjomba alipohamia kazini mbali alimwachia gitaa, ila spika alikwenda nayo. Bila spika, gitaa hilo hunong'ona tu kama mtu anayesema siri. Chiriku hakujali. Alivaa hedifoni, akafungua masomo ya video kwenye simu ya nyumbani, akapiga wimbo mzima pamoja na mwalimu wa video. Masikioni mwake muziki ulikuwa mtamu ajabu.

"Nani anakufundisha?" wenzake walimuuliza shuleni.

Hakuitwa Chiriku bure. Mdomo wake uliitangulia akili. "Nina mwalimu wangu mwenyewe. Huja nyumbani kila Jumamosi. Anasema nimeshaiva."

Maneno hayo yakamfikia mwalimu wa muziki. "Basi utapiga besi Ijumaa, siku ya wazazi," akamwambia Jumatatu, huku akitabasamu.

Alasiri hiyo hiyo, katikati ya wimbo, simu iliisha chaji. Chiriku akavua hedifoni, akaendelea kupiga, akatega sikio kwenye nyuzi. Alisikia vishindo ovyo, kama sufuria zinazoanguka kwa mbali. Ule muziki mtamu ulikuwa umezimika pamoja na simu. Kumbe siku zote alikuwa akimsikia mwalimu wa video, si yeye mwenyewe!

Kesho yake, kwenye mazoezi, mpiga ngoma aliyeitwa Radi alimkazia macho. "Mbona unalishika gitaa kushoto?"

"Mimi ni shoto."

"Shoto tangu lini? Darasani unaandika kwa mkono wa kulia!"

"Shoto wa gitaa tu."

Wote wakacheka. Gitaa lilikuwa limeungwa kwenye spika ya shule. Chiriku akainama, akazungusha kitufe cha sauti cha gitaa hadi sifuri. Vidole vyake vilicheza juu ya nyuzi, ngoma ya Radi ikafunika kila kitu.

"Safi sana!" mwalimu akapiga makofi.

Sifa ile ilimchoma. Akirudi nyuma, aibu. Akienda mbele, aibu kubwa zaidi. Alikuwa kama mtu aliyejifungia kwenye chumba ambacho mlango wake hauna kitasa upande wa ndani. Nyumbani hakumaliza chakula. Mama akampapasa paji la uso, akasema, "Nimeomba ruhusa kazini Ijumaa, mwanangu. Nitakaa mbele kabisa." Chiriku alitamani augue.

Jumatano mazoezini akaja fundi redio, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, kutengeneza spika ya shule iliyokuwa ikikoroma. Aliinama karibu na gitaa, akakiona kile kitufe kiko sifuri. Akamtazama Chiriku. Kisha akaendelea kukaza skrubu za spika.

"Mwalimu," mzee alisema mazoezi yalipokwisha, "niazime mjukuu wangu huyu anisaidie kukunja nyaya."

Wawili hao walipobaki peke yao, mzee aliuliza polepole, "Sauti uliizima mwenyewe?"

Machozi yakamtoka. "Babu, naomba usimwambie mwalimu."

"Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe. Ila kwanza futa machozi, utatia nyuzi kutu."

Chiriku akacheka huku analia, akamsimulia habari yote ya masomo ya video. Mzee akaligeuza gitaa mikononi mwake, akafungua sauti. "Yule wa kwenye video mlitazamana, nawe ukamwiga kama unayejitazama kwenye kioo. Uzi mnene unatakiwa ukae juu. Wewe umeuweka chini. Nami niliwahi kupiga besi, najua. Haya, piga sasa."

Alipiga. Spika ikajibu *dum*, nzito na safi.

Mwalimu alikuwa ofisini na Radi, wakiweka ngoma kabatini. Chiriku alisimama mlangoni. "Mwalimu, sina mwalimu yeyote. Nilidanganya. Tangu jana sijapiga hata noti moja ya kusikika."

Radi alifungua mdomo acheke, kisha akaufunga. "Ijumaa ukae karibu na ngoma yangu ya mguu," alisema. "Nikikanyaga, nawe unapiga."

Mwalimu alivuta pumzi. "Umeniudhi, binti. Lakini umekuja mwenyewe. Utapiga wimbo mmoja, ule wa noti mbili."

Alhamisi yote, kila mapumziko, babu fundi alikuja kumsikiliza. "Umechelewa," alisema. "Tena." Mara ya ishirini akasema tu, "Ehe."

Ijumaa Chiriku alifungua sauti kwa mkono wake mwenyewe. Alikosea mara moja, na ukumbi mzima ukasikia. Mguu wa Radi ukamrudisha kwenye mstari. Wimbo ulipokwisha, mama aliuweka mkoba chini ili apige makofi vizuri.

Babu fundi alimngoja mlangoni. "Mjukuu wangu, usiitupe video. Hata mimi hujifunzia humo kutengeneza simu hizi mpya. Itakuonyesha njia, ila ukipotea haitakuita. Tafuta mwenye masikio akusikilize, na umwambie ukweli. Kutojua si aibu. Anayeficha asichokijua hujifungia mlango mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, babu," alijibu Chiriku. Na safari hii alikuwa amesikia kweli.